Muhammad bin Abdulkarim al-Khattabi, Kadhi wa Rif

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baad. Tumezoea katika kurasa hizi kueleza maisha ya watu waliotangulia, ambao katika mienendo yao mna mafunzo kwa walio hai. Mara hii tumemkhitari Muhammad bin Abdulkarim al-Khattabi wa Moroko. Wengi wetu wamjua kuwa ni shujaa aliyewashinda Wahispania mwaka 1921, na ushujaa wake hatuukanushi. Lakini twaona kuwa kumtaja kwa bunduki peke yake ni kumpunguzia haki yake. Kabla hajawa amiri wa vita alikuwa mwalimu, mwandishi wa gazeti na kadhi, na ushindi wake ulitokana na hukumu aliyoisimamisha baina ya watu wake. Na pale hukumu hiyo ilipokosa kufika, ndipo palipoanza kubomoka. Hilo ndilo tutakalolieleza, In shaa Allah.

Rif ni nchi ya milima, kaskazini ya Moroko, ikielekea bahari ya Mediterania. Ardhi yake ni ya mawe na mvua zake si za kutegemewa, na watu wake, ambao ni Waberberi, walikuwa wengi kuliko chakula walichoweza kukilima. Kila mwaka vijana kwa maelfu walivuka kwenda Algeria kuvuna katika mashamba ya walowezi wa Kifaransa, wakarejea na fedha za kununulia nafaka, na aghalabu bunduki pia. Bunduki hizo walizielekezeana wao kwa wao. Nyumba zilijengwa mbali mbali, na kando ya nyumba nyingi palikuwa na kibanda cha mawe cha kumpigia risasi jirani. Mtu akimuua mwenziwe sokoni, au katika njia ya kwendea sokoni, alitozwa faini kubwa, na faini hiyo waligawana wazee wa kabila. Basi damu ya Mwislamu ikawa ni pato la wakubwa, na aliyekuwa na uwezo wa kuzuia kisasi ndiye aliyefaidika kwa kuendelea kwake.

Nchi iliyo katika hali hiyo haimchoshi mwenye kuitamani. Uhispania ilikuwa ikiushika mji wa Melilla, ulio pwani ya Rif, tangu mwaka 1497. Mwaka 1898 ilipigana na Marekani ikapoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino, na majemadari wake wakatafuta mahali pa kurudishia heshima yao. Wakati huo huo matajiri wao walikuwa wamekwisha kujua kuwa milima iliyo karibu na Melilla ina chuma kizuri. Mwaka 1908 likaundwa shirika la kukichimba, na mwaka 1909 vikatokea vita kwa ajili ya machimbo hayo na njia zake za reli. Hatimaye, mwezi wa Machi 1912, Sultani wa Moroko alitia sahihi mkataba wa kuingia katika himaya ya Ufaransa, na mwezi wa Novemba Ufaransa ikaikatia Uhispania sehemu ya kaskazini.

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kufasiriwa neno himaya. Toka mwaka 1895 hata 1963 bendera ya Sultani wa Unguja ilipepea hapa Mombasa, na makadhi na maliwali walibaki, ilhali amri ilikuwa kwa mwingine. Hali ya Moroko ilikuwa ni hiyo hiyo. Sultani aliachiwa muhuri wake na kiti chake, na mgeni akachukua forodha, ardhi, machimbo na jeshi.

Katika nchi hiyo alizaliwa Muhammad, kiasi cha mwaka 1882, katika kijiji cha Ajdir, kabila la Banu Waryaghal. Baba yake, Abdulkarim, alikuwa kadhi, naye ndiye aliyemsomesha mwanzo. Kisha alipelekwa Tetouan, na baadaye Fes katika chuo cha Qarawiyyin, mojawapo ya vyuo vya kale mno vya Kiislamu. Alitoka huko na elimu ya fiqhi na lugha ya Kiarabu iliyo fasihi. Mdogo wake, M'hammad, alielekezwa njia nyingine: alipelekwa Madrid kusomea uhandisi wa machimbo. Hivyo baba huyu alimpa mwanawe mmoja ilimu ya sheria, na wa pili ilimu ya mali iliyo chini ya ardhi yao. Tungependa wazazi wetu walitafakari jambo hilo.

Kiasi cha mwaka 1907 Muhammad alikwenda Melilla akasomesha watoto wa Kiislamu. Akawa akiandika kwa Kiarabu katika gazeti la Wahispania la mji huo, akafanya kazi ya ukarani na ukalimani katika afisi yao ya mambo ya wenyeji, kisha akawa kadhi, na mwaka 1914 akawa mkubwa wa makadhi wa Melilla. Baba yake naye alikuwa akishirikiana na Wahispania na akipokea malipo yao. Hatuoni sababu ya kulificha hilo. Katika maandishi yake ya mwanzo Muhammad alitaraji kuwa Uhispania italeta skuli, biashara na amani, na kwamba Warif wataweza kuchukua elimu ya Wazungu bila ya kuiuza nchi yao. Alikaa nao karibu, akaijua lugha yao, akasoma barua zao, akaona jinsi wanavyowahisabu watu wake. Matarajio yake yaliondoka kwa ujuzi, si kwa uvumi.

Ilipokuwa Vita Kuu vya kwanza, alisema waziwazi kuwa Uhispania isivuke mipaka iliyokwisha kuifikia, wala hakuficha kuwa moyo wake uko pamoja na dola ya Kituruki. Mwaka 1915 akatiwa gerezani. Alijaribu kutoroka kwa kuteremka ukutani, akaanguka akavunjika mguu, na kuchechemea kukawa ni alama yake mpaka alipokufa. Baada ya kufunguliwa alirudishwa kazini. Lakini vita vilipokwisha aliondoka Melilla akarejea Ajdir, na mdogo wake akaitwa kutoka Madrid. Mwaka 1920 baba yao alifariki, na uongozi wa nyumba ukamwangukia yeye.

Wakati huo mavuno yalikuwa mabaya na njaa imeenea milimani. Jemadari Silvestre wa Uhispania alikuwa akisonga mbele kutoka Melilla, akiwanunua wakubwa wa makabila kwa fedha na kupanda ngome ndogo ndogo juu ya vilima visivyo na maji. Al-Khattabi hakuanza kwa kupiga. Alianza kwa kuwakusanya wakubwa waliokuwa wakidaiana damu, akawaapisha waache visasi, na akaamuru kuwa atakayemwua Mwislamu mwenziwe atahukumiwa kwa sheria. Kwa mtu wa Rif amri hiyo ilikuwa nzito kuliko amri ya kwenda vitani, kwani ilimtaka amwachie muuaji wa ndugu yake apite mbele yake salama mpaka kadhi amhukumu.

Matokeo yake yalionekana upesi. Tarehe 1 Juni 1921 Warif waliitwaa ngome ya Abarran. Mwezi uliofuata waliizingira ngome ya Igueriben na kuikata na maji, na tarehe 22 Julai jeshi kubwa la Uhispania lililokuwa Annual lilianza kurudi nyuma, likavunjika. Silvestre alikufa huko huko. Katika muda wa siku chache Uhispania ilipoteza ardhi iliyoichukua kwa miaka 12. Hesabu za waliokufa zakhitalifiana, baina ya watu elfu 8 na zaidi ya elfu 13. Warif walipata maelfu ya bunduki na mizinga zaidi ya 100.

Hapa hatuna budi kusema la haki ingawa ni chungu. Mwezi wa Agosti, huko Monte Arruit, askari wa Kihispania waliosalimu amri kwa ahadi ya usalama waliuawa kwa maelfu. Amiri hakuwapo, na makabila ya upande ule yalikuwa hayajawa chini ya mkono wake. Hata hivyo ahadi ya amani katika dini yetu si kitu cha kuchezewa, na lililofanywa pale halipambiki. Wapiganaji walifika mpaka karibu na Melilla, mji ukiwa karibu hauna wa kuulinda, lakini al-Khattabi hakuuingia. Baadaye aliyahisabu hayo kuwa ni kosa lake kubwa la vita. Lakini aliyekumbuka Monte Arruit ataelewa kwa nini amiri alisita kuingiza mjini watu ambao bado hawajafunzika kutii.

Basi alirudi katika kazi ya kufunza. Mwaka 1923 makabila yalimpa bai'a, na Rif ikawa dola yenye makao yake Ajdir. Aliweka makadhi kila upande, akaondoa ile faini waliyogawana wazee, na faini zote zikawa za hazina. Alivibomosha vile vibanda vya kupigiana risasi. Kiapo cha kabila, ambacho kwacho jamaa waliweza kumwapia mwenzao hata akiwa mwongo, kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa ushahidi wa sheria. Sala zilisimamishwa na uvutaji wa kifu ukakatazwa. Akaunda jeshi la kudumu lenye mishahara, akakata barabara, na akatandika nyaya za simu, nyingi katika hizo zikiwa ngawira, hata amri ikawa yatoka Ajdir na kufika mstari wa vita upesi kuliko zamani. Kodi zilikusanywa kwa daftari. Mwezi wa Januari 1923 Uhispania ililipa zaidi ya peseta milioni 4 kuwakomboa mateka wake waliozidi 300, na fedha hizo zikaingia katika hazina ya dola. Watu waliokuwapo walieleza kuwa mtu aliweza kusafiri katika Rif bila ya silaha, jambo ambalo baba zao hawakulijua.

Huko Uhispania mshindo wa Annual haukuwa mdogo. Wazazi waliuliza ni nani aliyewapeleka watoto wao kufa kwa ajili ya machimbo ya watu wachache, na uchunguzi wa kijeshi ukakaribia milango ya wakubwa. Tarehe 13 Septemba 1923, kabla bunge halijamaliza shauri hilo, Jemadari Primo de Rivera aliipindua serikali. Wala haikuishia hapo. Maofisa waliokuzwa na vita vya Moroko, akiwemo Franco, ndio waliogeuza silaha zao juu ya nchi yao wenyewe mwezi wa Julai 1936, nao walivusha maelfu kwa maelfu ya askari wa Kimoroko, Warif wakiwamo, kwenda kupigana katika fitina isiyowahusu. Hivyo ndivyo dhulma ifanyavyo: hutumwa ng'ambo, kisha hurejea nyumbani kwa aliyeituma.

Mwisho wa mwaka 1924 Wahispania walilazimika kuuhama mji wa Chefchaouen kwa hasara kubwa, na ilionekana kuwa Rif imekwisha kuwa dola kweli. Lakini shina la taabu lilikuwa lile lile la zamani, yaani chakula. Nafaka ya kuwalisha Warif ilitoka katika bonde la mto Ouergha, kusini ya milima. Mwaka 1924 Wafaransa walilishika bonde hilo na kupanga ngome zao. Amiri akawa baina ya mambo mawili: kuwaacha watu wake na njaa, au kuipiga Ufaransa, dola iliyokuwa na nguvu mara nyingi kuliko Uhispania.

Na katika bonde hilo palikuwa na zawiya ya Darqawa. Sheikh wake, Sharifu Abdurrahman, alikuwa na wafuasi wengi, nao walimwendea kwa baraka, kwa suluhu na kwa hukumu. Dola yenye kadhi kila upande haikuwa na nafasi ya sheikh ambaye neno lake li juu ya hukumu ya kadhi. Sharifu huyo akaegemea upande wa Wafaransa. Mwezi wa Aprili 1925 jeshi la Rif lilivuka, likaishambulia zawiya yake pamoja na ngome za Kifaransa, na kwa miezi michache lilikaribia Fes.

Lakini sasa dola mbili za Ulaya ziliungana. Ufaransa ilimleta Marshal Pétain na askari wengi mno, na tarehe 8 Septemba 1925 Wahispania waliteremsha majeshi yao katika ghuba ya Alhucemas, mbele ya Ajdir yenyewe. Ndege zilitupa mabomu juu ya vijiji na masoko, na Uhispania ilitumia gesi ya sumu ichomayo ngozi na kupofua macho, juu ya watu wasiokuwa na kinga wala tabibu. Ajdir ilitekwa mwezi wa Oktoba. Mazungumzo ya sulhu yaliyofanywa Oujda mwaka 1926 hayakufaa kitu. Kabila baada ya kabila lilijitoa, na tarehe 27 Mei 1926 al-Khattabi alijisalimisha kwa Wafaransa, akiogopa kuanguka mikononi mwa Wahispania.

Alipelekwa yeye, ndugu yake, ami yake na watu wa nyumba zao katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Bukini, katika bahari hii yetu. Dola za Ulaya zilikuwa zimekwisha kuzoea kuifanya bahari kuwa gereza. Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alipelekwa St. Helena na Shelisheli kabla ya kuachiwa kuja kumalizia umri wake Mombasa, alikofia mwaka 1927. Al-Khattabi alikaa Réunion zaidi ya miaka 20, akilima, akisomesha watoto wake dini na lugha ya Kiarabu, na akipata khabari za dunia kwa redio na magazeti.

Baada ya kushindwa kwake, jarida la al-Manar la Sheikh Muhammad Rashid Rida, huko Misri, lilichapisha maelezo yaliyonasibishwa kwake juu ya sababu za yaliyotokea. Ndani yake hakuzilaumu sana ndege wala gesi. Alieleza kuwa watu wake wengi walidhani kuwa umoja ni wa wakati wa vita tu, na kwamba adui akiondoka kila kabila litarejea katika desturi yake. Akawalaumu khasa masheikh wa tariqa, waliowazuia watu wasimfuate, kwa kuwa dola ya sheria iliwapunguzia heshima na mapato. Al-Manar lilifika pwani yetu, na miongoni mwa walioathirika nalo alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1937. Huyu naye alikuwa kadhi na mwandishi wa gazeti, na maradhi aliyoyaandikia hayakuwa mbali na yale ya Rif.

Sisi twayakubali maelezo hayo, lakini twaona kuwa si kamili. Si kila mfuasi wa tariqa aliyekuwa adui, kwani walikuwamo waliopigana na kufa pamoja naye. Na kuna jambo jingine. Ndugu yake alikuwa naibu wake na mkubwa wa jeshi, ami yake alikuwa mwenye hazina, shemeji yake alikuwa mwenye mambo ya nje, na vyeo vingi vikubwa vilikuwa vya Banu Waryaghal. Hatusemi kuwa hawakustahiki, kwani walikuwa ndio aliowajua na kuwaamini katika saa ya hatari. Lakini mtu wa kabila la mbali, aliyeambiwa avunje kibanda chake na asahau damu ya nduguye kwa ajili ya sheria isiyopendelea, alipotazama makao ya dola aliona nyumba moja. Ilipomjia shida, dola hiyo aliiona ni ya wenyewe. Sheria ilikuwa imewafika watu wote sokoni, na haikupata muda wa kufika katika ugawaji wa vyeo.

Mwezi wa Mei 1947 Wafaransa walimtoa Réunion kumpeleka Ufaransa kwa meli. Ilipopita Misri aliteremka Port Said akaomba hifadhi, akapewa. Huko Cairo akawa mkuu wa kamati ya ukombozi wa nchi za Maghribi, iliyotangazwa Januari 1948 ikiwakusanya watu wa Moroko, Algeria na Tunis. Moroko ilipata uhuru mwaka 1956, lakini alikataa kurejea maadam askari wa kigeni wangali katika nchi. Mwaka 1958 na 1959 Rif iliinuka tena kulalamikia ufukara na kusahauliwa, na safari hii iliyowapiga ilikuwa ni serikali yao wenyewe. Mwaka 1960 Mfalme Muhammad wa Tano alimzuru Cairo, wala hilo halikumrejesha. Alifariki huko tarehe 6 Februari 1963, akazikwa Misri kwa heshima ya kiserikali. Rif aliyoitoka mwaka 1926 hakuiona tena.

Ndugu zetu, sababu za mapinduzi ya Rif zilikuwa njaa, machimbo, na dharau ya mgeni. Sababu hizo zilikuwako pia katika nchi nyingi zisizoweza kufanya lolote. Kilichozidi Rif ni kuwa alipatikana mtu aliyewaambia watu wake waanze kwa kuhukumiana kwa haki, wakamsikiliza kwa miaka mitano. Miaka mitano haikutosha kuondoa mazoea ya miaka mia.

Sisi hatuna ngome za kuteka. Lakini tuna waqfu, tuna misikiti, tuna madrasa na kamati zake, na makadhi wetu wangali wametambuliwa na katiba ya nchi hii. Kila mmoja wetu ajiulize: likija shauri baina ya jamaa yake na mtu wa mtaa mwingine, yeye husimama na haki au husimama na ukoo? Na anapogawa kazi ya waqfu au uongozi wa madrasa, humtazama mwenye elimu na uaminifu, au hutazama ni mwana wa nani? Akilijibu hilo kwa dhati ya nafsi yake, atakuwa amefaidika na maisha ya kadhi huyu kuliko mwenye kuhifadhi tarehe zote za vita vyake.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, na atujaalie sisi kuwa wenye kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amin.